Jina la Aliyejificha Vilimani

Tegeni masikio, maana kesi hii nitawaachia ninyi.

Huko Oklahoma, kwenye vilima vya Wacherokee, aliishi Bibi Lorena. Mdogo wake Odelia alijaliwa kumbukumbu. Mpwa wao Harlan, mwana wa kaka yao, alijaliwa subira. Jirani yao, mzee Delmer, alijaliwa ulimi usiosema uongo, lakini huyo hawakusalimiana naye, kwa uhasama waliourithi.

Bibi Lorena alikuwa na hofu. Binti yake alifariki akamwachia mjukuu, Tessie, na sasa mahakama ilitaka kumpa mtoto huyo watu wa jimbo la mbali wamlee. Kabila lingeweza kumzuia asiende, mradi ithibitike kwamba babu yake Bibi aliandikishwa katika orodha ya zamani ya Wacherokee. Lakini babu yule alikataa kuandikishwa. Aliamini kuwa ukishaandikwa, ardhi ya wote inakatwa vipande na serikali, akakimbilia vilimani.

Gari lolote likipita, Bibi alimkumbatia mtoto. Katika hofu hiyo akaapa, "Atakayeniokolea mjukuu huyu ndiye atakayempa jina la Kicherokee."

Odelia akasema, "Dada, babu aliandikwa. Jirani wa enzi hizo alimtaja kwa waandikishaji, babu akiwa mafichoni, tena kwa jina la utani, Mguu Mfupi. Mama alinikataza kulitamka."

Harlan akalichukua jina hilo mpaka kwenye nyaraka za kale. Akapekua mpaka macho yakavimba, akampata Mguu Mfupi, na pembeni jina la aliyemtaja: babu yake Delmer.

"Huyo anaweza kuwa Mguu Mfupi yeyote," mahakama ikasema. "Nani shahidi?"

Aliyeweza kushuhudia alikuwa Delmer tu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Bibi na ndugu zake walikuwa wakitema mate mbele ya lango la Delmer tangu utotoni. Hata hivyo Bibi akaenda kumwomba.

Delmer akasimama mbele ya watu wote. "Aliyemtaja ni babu yangu," akasema. "Alimsaliti rafiki yake, babu yake Bibi huyu. Alinisimulia mwenyewe, akilia." Aibu ya ukoo wake akaianika hivyo, na Tessie akabaki kwa bibi yake.

Siku ya kumpa mtoto jina, wote watatu walifika.

"Bila mimi msingejua mumtafute nani," Odelia akasema.

"Shangazi, jina lisiloonekana kwenye orodha lingekusaidia nini?" akauliza Harlan.

Delmer alibaki langoni. "Mimi ningempa jina la bibi yangu," akasema taratibu. "Kama babu yangu angenyamaza, mtoto huyu tungekuwa naye leo?"

Hofu ikamrudia Bibi Lorena upya. Ampe mjukuu jina la nyumba iliyomsaliti babu yake? Na akikataa, je, avunje kiapo alichoapa ili mtoto aokolewe? Akamshika Tessie mkono, akawatazama watatu wale mmoja mmoja.

Mpaka sasa mtoto hana jina la Kicherokee. Enyi mnaonisikiliza, mngekuwa ninyi Bibi Lorena, mngemwita nani aingie kulitamka?