Digidigi Anamdai Kiboko Mguu

Jumapili, tarehe 9 Agosti 1953, Digidigi bin Mrukaji wa Kichaka cha Ukwaju alivunjwa mguu. Mpo?

Tupo.

Niilete hadithi?

Ilete na miguu yake minne.

Ninayo mitatu. Wa nne ndio hadithi yenyewe.

Digidigi alikuwa akishuka mtoni kunywa maji. Nyuma yake akasikia gudu, gudu, gudu. Kabla hajageuka, Kiboko akapita juu yake. Kwa! Mguu wa nyuma ukavunjika. Kiboko hakusimama.

Kiangazi kilikuwa kikali, na mteremko wa mtoni haushukiki kwa miguu mitatu. Bibi Nungunungu, mganga wa mifupa, akamfunga vijiti.

"Mjukuu wangu, mshukuru Mungu unyamaze. Yule ni Kiboko."

"Nimekwisha mshukuru Mungu, bibi. Sasa namdai Kiboko."

Akaenda tika, tika, tika, hadi kwa Kobe, hakimu wa wanyama.

"Wadai nini?" akauliza Kobe.

"Anibebe mtoni mpaka nipone."

"Kwanza apelekewe taarifa ya madai. Akikataa, nitamwita barazani. Wewe uje na aliyekutibu na aliyeona. Usikawie, kwani masika yakiingia dai lako halisikilizwi. Na uchunge kinywa chako. Kwa mila yetu, mgomvi akila chakula cha mwenzake amekubali maneno yake, na shauri limekwisha."

Kwale, aliyeona yote, akaipeleka taarifa. Kiboko akacheka, hoo, hoo, hoo. Kesho yake akatuma majani mabichi.

"Kula, mdogo wangu. Ugomvi wa nini?"

"Mwambieni kaka nimeshiba."

Akatuma machipukizi.

"Mwambieni kaka nimeshiba."

Akatuma matunda.

"Mwambieni kaka nimeshiba," akasema Digidigi, na tumbo lake likanguruma, guruu.

Siku ya shauri ikafika. Bibi Nungunungu akaeleza mfupa ulivyovunjika. Kwale akaeleza alivyoona. Kiboko akasimama, baraza zima likainama kwa hofu.

"Njia ile ni yangu," akasema. "Kijana huyu alijilaza mwenyewe."

Digidigi akafungua kapu. Akatoa tikiti lake la pekee, alilolipanda mlangoni pake, akalipasua.

"Mheshimiwa, naomba nile kidogo. Nguvu zimeniishia."

"Kula."

Akauma kidogo, mchi. Lililobaki akaliweka chini, karibu na pua la Kiboko.

"Endelea, kaka. Ulisema nilijilaza?"

"Ulijilaza," akasema Kiboko. Pua likavuta, fwu, fwu. "Ulijilaza..." Fwu, fwu. "Uli..."

Kwachu! Tikiti likaenda lote, na mbegu zake na ganda lake.

Kobe akatoa shingo polepole. "Tikiti lilikuwa la nani?"

"La mdai," wakajibu wote, hata waliokuwa wameinama.

"Basi mdaiwa amekubali maneno ya mdai. Atambeba mtoni asubuhi na jioni, mpaka mguu upone."

"Lakini lilikuwa mbele yangu tu," akalalamika Kiboko.

"Na mimi nilikuwa mbele yako tu," akajibu Digidigi.

Fundisho la hadithi hii, watoto, ni kwamba mnyonge akivunjwa mguu anyamaze, ashukuru kwa kuachiwa mitatu.

Hadithi yangu imefika mtoni, imekunywa. Anayeitaka aibebe.

Nasikia Mwalimu Kihedu wa shuleni kwenu huwasimulia kuwa Kiboko alilia, na Digidigi akamsamehe. Arekebishe. Kulia alilia, lakini alilia huku amembeba.