Nyasi za Alanus

"Nyasi bila jembe, mali ya upepo." Bibi yenu kaisema akipita na ungo wake, nanyi mkacheka mkidhani anawasema wavivu. Betram peke yake hakucheka, maana yeye ndiye aliyetutangazia leo kwamba amepata ufadhili wa kwenda kusomea kilimo Ulaya. Sasa mnaniuliza usemi huo umetoka wapi. Nitawaambia, lakini mikono iendelee kuchagua kahawa, punje mbovu hazijitoi zenyewe. Mwanzo wake ni hapa hapa Umatengo, na wenyewe niliwaona kwa macho yangu, kwa hiyo mtu asiwadanganye kwamba ni maneno ya kale.

Ndugu yangu Alanus Kinunda, mtoto wa baba yangu mdogo, alikuwa bwana shamba. Miaka ile serikali moja ya Ulaya ilikuwa ikitenga fedha kuwaita wataalamu wa kilimo wa nchi nyingine wakasome na kufanya utafiti katika vyuo vikuu vyake. Alanus akaomba, akaeleza habari za ngoro, vile vishimo vyetu vya mlimani. Wakapendezwa. Wakamwambia aje mwaka mmoja, atengeneze ngoro kwenye mteremko wa chuo, na zikizuia udongo usichukuliwe na mvua, ufadhili utaongezwa mpaka awe daktari wa sayansi.

Ngoro mnazijua, lakini Eusebia wetu pale meza ya pili ametoka pwani, kwa hiyo nitaeleza. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza mlimani kwa mistari inayokatana, zikatokea miraba. Mwanamke humfuata nyuma kwa jembe. Huchimba katikati ya mraba, udongo akaurushia juu ya nyasi pande zote nne. Nyasi zinaoza chini, tuta linashika, na maji yanatulia shimoni. Mwanamume akishalaza mraba anasonga mbele. Hageuki, kwa sababu sauti ya jembe anaisikia.

Alanus alikuwa na mke, Hyasinta. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Kabla ya kusafiri alimlazia nyasi shamba zima, akaondoka Hyasinta akiwa bado katikati anafukia. Aliagwa na mwanamke mwenye udongo mikononi, hata mkono hawakupeana vizuri.

Huko alikokwenda hakukosa kitu ila watu. Chumba kilikuwa na joto, chakula kilikuwapo, waliomfundisha walikuwa waungwana. Lakini salamu yao ilikuwa ya kichwa, mtu anakitikisa na kupita. Alisonga ugali wake akaula ameelekea ukuta. "Otmari," aliniambia baadaye, "Jumapili nilikuwa nakwenda kituo cha mabasi, na safari sina. Nakwenda kuangalia watu wanavyopokelewa." Mimi nilimcheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu yeye hakuwa anacheka.

Theluji ilipoyeyuka akapewa mteremko wake. Akafyeka, akalaza. Alikuwa na furaha siku hiyo, harufu ya nyasi ilimrudisha nyumbani. Akalaza mstari kwa mstari kuupanda mlima, mbio mbio, mpaka juu kabisa. Ndipo alipogeuka.

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Mnaona kosa lake? Mtu wa kule angelaza mraba mmoja, akaufukia, ndipo akaanza wa pili. Ni Mmatengo tu anayeweza kulaza mlima mzima na kutegemea kwamba jembe linakuja. Akashuka mbio kuchukua jembe, akaanza kufukia peke yake kutoka chini. Upepo wa kule haukumsubiri. Alipofika robo ya shamba, nyasi za juu zilikuwa zimekwisha kutawanyika barabarani, na wanafunzi wanazikanyaga.

Jumapili akampigia Hyasinta simu.

"Nyasi zangu zimepeperuka," akamwambia.

"Zote?"

"Karibu zote. Nililaza mpaka juu. Nilipogeuka..."

"Ulikuwa unamtafuta nani, Alanus?"

Hyasinta hakumcheka.

"Mimi huku jembe ninalo," akasema. "Nyasi za mwaka huu hazijalazwa. Nimepiga matuta marefu kama ya watu wa bondeni, mvua imeyashusha mpaka mtoni. Na wewe una nyasi, huna jembe. Nyasi bila jembe, mali ya upepo. Hata huko kwa wenye vyuo."

Hapo ndipo neno lilipozaliwa. Hakulitunga ili lisifiwe, alikuwa mwanamke aliyechoka na simu sikioni.

Alanus akarudi mlimani. Safari hii alilaza mraba mmoja akaufukia, mraba mmoja akaufukia, mpaka mgongo ukakakamaa. Mvua za kule zikaja, na ngoro zikashika. Wakubwa wa chuo wakaja kuzitazama wakiwa na miamvuli, wakafurahi, na ufadhili ukaongezwa. Akapiga simu tena.

"Wameniongezea, mke wangu. Mpaka niwe daktari. Nikae?"

"Unaniuliza au unaniarifu?"

Alikuwa amekwisha kukubali. Hyasinta akasema, "Hongera," na simu ikaisha.

Sisemi alikosea kusoma. Elimu ile imetusaidia wote, hata mbegu za maharage mnazopanda zimepitia mikononi mwake. Lakini nilimwona mkewe. Mimi ni shemeji yake, nikamwendea nikamwambia nitamlazia nyasi. Akanijibu kwa upole, "Asante, shemeji. Mume wangu hajafa." Mwaka uliofuata mpini wa jembe lake ukavunjika, na hakumwomba mtu amchongee mwingine. Shamba likaota magugu. Akabaki na migomba na kahawa chache za nyuma ya nyumba. Jioni nilikuwa nikipita namkuta mlangoni na sahani moja, na nikiri kwamba iliniuma. Aliyekwenda mbali hutuma picha za theluji, watu wakamhurumia. Upweke wa aliyebaki hauna picha.

Alanus akarudi, daktari kamili. Hyasinta alimpokea vizuri mno. Alimtandikia, akampikia kuku, akampa maji ya kunawa kwa mikono miwili. "Alinikaribisha kama mgeni," ndugu yangu aliniambia, na machozi yalimlenga.

Majira ya kulaza nyasi yalipofika, akaamka mapema, akafyeka lile pori lililokuwa shamba lao, akalaza mpaka juu. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Mchana upepo wa kutoka ziwani ukapanda mlima na kuzoa zote, na sisi majirani tunatazama.

Akaingia ndani. "Jembe liko wapi?"

"Uvunguni," Hyasinta akasema. "Halina mpini tangu mwaka ule."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini, Alanus? Ungenichongea kwenye simu?"

Akakaa chini. Daktari wa watu akatafuta mti mgumu, akachonga mpini, akaulainisha kwa kipande cha chupa, akalisimamisha jembe mlangoni. Kesho yake akalaza mraba mmoja tu, akakaa mbele yake akiwa ameuelekea mlima, nyumba iko mgongoni. Upepo ukaja ukauchukua. Keshokutwa akalaza mmoja tena. Watu walimcheka, wakasema Ulaya imemharibu. Alizidi kulaza mraba wake mmoja kila siku na kukaa pale, na ninaamini wakati huo ndipo alipojua mkewe alivyoishi.

Betram ananikatiza. "Babu, alikuja?"

Alikuja. Asubuhi moja Alanus alisikia udongo ukitua juu ya nyasi nyuma yake. Hakugeuka. Alinyanyuka, akalaza mraba wa pili, akangoja ufukiwe, ndipo akalaza wa tatu. Mwaka huo walipata kipande kidogo tu, maharage ya kujaza debe. Walizeeka pamoja, hawakugombana. Lakini ukiwakuta walikuwa wakimya, kila mmoja amezoea kula peke yake. Nyasi za kesho zinaweza kulazwa. Zile za miaka ile zilikwenda na upepo, na hakuna serikali inayotoa ufadhili wa kuzirudisha.

Kwa hiyo, Betram mjukuu wangu, nenda, usinielewe vibaya. Tumekusikia ukituhesabia vyuo na ndege. Mkeo Eusebia yuko meza ile tangu asubuhi anachagua kahawa peke yake, na sijamsikia akiulizwa kitu.

Naam, beba ungo wako umfuate. Ninyi wengine tazameni kahawa zenu, mwacheni aseme naye. Nyasi bila jembe, mali ya upepo.