Bei ya Figonjema Nyuma ya Kanga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipanga foleni kama sisi, Bibi Kobe aliugua figo. Tabibu Korongo akamwandikia Figonjema, kidonge kimoja kila asubuhi, asikose hata siku moja.

Pimbi, mjukuu wake wa kulea, alikuwa mdogo, mwoga, na wa kuhesabu kila kitu mara tatu. Alivihesabu vidonge vya bibi mara tatu. Kilibaki kimoja.

Akakimbia, tipu tipu tipu, mpaka duka la dawa la Fisi, na vibaba vitano vya karanga kikapuni.

"Hodi! Mjomba, boksi la Figonjema bei gani?"

Fisi akachungulia dirishani. Akamtazama masikio, akamtazama miguu, akaona hana wa kumtetea.

"Vibaba arobaini."

"Arobaini! Mbona Nyati alilipa ishirini na vitano? Na Tembo, mwenye kadi ya bima, kumi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini? Kidonge si kilekile?"

"Inategemea mgonjwa, we mtoto! Hee hee hee!"

Kesho yake bibi akameza kidonge cha mwisho. Pimbi akachukua kanga yake iliyoandikwa *Usichungulie Yasiyokuhusu*, akaifukiza udi, akaenda kuitundika kwenye dirisha la Fisi.

"We! Unafanya nini?"

"Nakusaidia, mjomba. Wagonjwa wa figo wanaona haya kutazamwa. Leo watanong'ona tu. Hata Simba anakuja, ila hataki ajulikane. Kasema akipandishiwa bei, atamla muuzaji."

Gudu! Fisi akameza mate.

Mara, nyuma ya kanga: "Figonjema bei gani?"

Fisi akanusa ajue ni nani. Udi mtupu.

"Vi... vibaba vinne, mtukufu!"

Alikuwa Nyati. Karanga zikapita chini ya kanga, boksi likatoka.

"Bei gani?"

"Vinne, mtukufu!"

Tembo akaitazama kadi yake ya bima, akaguna.

Mwisho ikaja sauti nzito, yenye mikwaruzo, isiyo na haraka: "Figo... njema... bei... gani?"

"Ndiye huyu!" Fisi akajisemea. "Kwako, mtukufu, vitatu!"

Boksi likatoka. Fisi, akitaka kumwinamia mfalme, akaivuta kanga. Pwaa!

Bibi Kobe alikuwa akilisukuma boksi ndani ya gamba.

"Ahsante, mwanangu. Tangu nizaliwe sijaitwa mtukufu."

"Simba yuko wapi?"

"Kwake, mjomba," akasema Pimbi. "Figo zake nzima."

"Basi bei imerudi arobaini!"

Du! Nyati akapiga kwato. "Arobaini ya nani? Masikio tunayo, tumeisikia bei yako!"

Fisi akaitazama foleni, masikio yakamlegea. Akachukua chaki, akaanza kuandika vinne mlangoni.

"Vitatu, mjomba," Pimbi akanong'ona. "Nimehesabu mara tatu."

Fisi akafuta, akaandika vitatu.

Basi wanangu, bei inayoanza kwa kumtazama mnunuzi usoni si bei, ni mtego.