Kiboko na Hodi Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Ehe, nyie mmeitikia kama watu. Mimi ndiye niliyeita kama bawaba yenye kutu. Msinicheke sana. Mke wangu amenicheka tangu asubuhi, anatosha. Basi sogeeni, maana leo nawasimulia habari za mwenzangu mmoja mwenye tumbo kama langu na akili kama zangu.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata mimi nilikuwa na kiuno, alikuwepo Kiboko. Kiboko huyo alikuwa hodari wa kubana pumzi. Alizama mtoni chakula kikiwa hakijainjikwa, akaibuka watu wanaosha vyombo. Aliiona pumzi ni mali, na mali yake hakutaka kuitoa. Alivuta, alivuta, alivuta. Kutoa alitoa kwa shida, kimyakimya, kwa pua. Kwa hiyo hakuwahi kusema neno hata moja. Akitaka kitu, alitikisa masikio.

Sasa Kiboko akampenda Sikudhani, binti wa ng'ambo ya mto. Akampenda hadi majani yakamshinda kula. Shangazi yake akampelekea posa, na mama yake Sikudhani akajibu, "Kwetu mchumba hupiga hodi kwa mdomo wake mwenyewe. Hodi tatu. Mwanangu akisikia akaitika, ndiye mkewe. Asiposikia, Kifaru naye anasubiri."

Kooni mwa Kiboko waliishi mapacha, Kurwa na Doto, ngozi mbili nyembamba zilizokaa kwenye njia ya pumzi. Kiboko akipumua, walikaa mbalimbali, upepo ukapita. Akizama, walishikana, maji yasiingie kifuani. Kazi yao nyingine, ya sauti, hakuwahi kuwapa.

Siku ikafika. Kiboko akavaa kanzu iliyombana kwapani, na kanzu hizo nazijua mimi, akasimama mlangoni kwa kina Sikudhani. Akajaza kifua pomoni. Akawaambia mapacha kimoyomoyo, "Shikaneni barabara. Isitoke hata chembe."

"Tupe upepo, Kiboko," wakasema Kurwa na Doto. "Utoe kidogo kidogo, nasi tutatetema."

Hakusikia. Akabana, akabana, akabana. Mashavu yakamvimba, macho yakamtoka. Ndani kimya.

"Moja hiyo," akasema Kifaru, aliyekuwa uani anatafuna.

Kiboko akaona kosa ni la mapacha. "Basi nipisheni. Kaeni mbali kabisa."

"Tupe upepo, Kiboko, lakini utuache karibu karibu. Tukiwa mbali upepo utapita bure."

Hakusikia. Akaachia pumzi yote kwa mara moja, fuuu. Kofia yake ikaruka ikatua kwenye pembe ya Kifaru. Jivu la jiko la mama mkwe likapaa, likamwangukia Kiboko mwenyewe. Upepo ulikuwa mwingi, sauti hakuna. Ndani kimya.

"Mbili hiyo," akasema Kifaru, na kofia ilimpendeza.

Hebu wekeni vidole kooni, tujaribu wote. Toeni pumzi tupu: haaa. Mnahisi kitu? Hakuna. Sasa semeni mmm. Mnahisi wanavyotetema? Hao ndio Kurwa na Doto wenu. Wangu leo nadhani wamenuniana.

Tumrudie mwenzangu. Kiboko alihuzunika sana. Hodi imebaki moja, na Sikudhani yuko nyuma ya ubao wa mlango, karibu kiasi cha kusikia bangili zake. Akainamia mtungi wa maji anawe jivu, akajiona humo. Mashavu manene, jivu hadi kwenye kope, kanzu imepasuka ubavuni. Akawaza, mwili wote huu, na kaneno wanakokasema watoto kamenishinda.

Kicheko kikamshika tumboni. Akajaribu kukibana, lakini hicho hakibaniki. Tumbo likasukuma, pumzi ikapanda kidogo kidogo, ikawakuta Kurwa na Doto wamesogeleana. Ikawasukuma wakaachana, wakarudi wakakutana, wakaachana, wakakutana, upesi upesi, mpaka wakawa wanatetema. Ikatoka: ho, ho, ho.

Kiboko akashtuka. Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, naye akaipenda mpaka machozi yakamlengalenga. Akavuta pumzi nyingine, akaitoa polepole, mapacha wakaitetemesha, ulimi na midomo vikaifinyanga.

"Hodi," akasema Kiboko.

Kifaru akaacha kutafuna. Ndani kimya. Kiboko akangoja, akangoja, akangoja, akaona basi, amemkosa.

Kisha bangili zikalia, na sauti ikatoka nyuma ya mlango, dhaifu, ya mtu anayehema. "Karibu. Ila uniambie kwanza, ulikuwa unamcheka nani?"

"Najicheka mwenyewe," akasema Kiboko.

"Basi ingia upesi tucheke wote," akasema Sikudhani, akafungua mlango. "Mimi nakuchungulia kwenye tundu la mlango tangu hodi ya kwanza. Nimejiziba mdomo kwa kanga hadi neno lenyewe la karibu nusura nishindwe kulisema."

Tangu siku hiyo viboko wakiibuka mtoni hucheka, ho, ho, ho, na hawamcheki mtu ila wenyewe. Hadithi yangu imekomea hapo. Nipeni maji ninywe, kabla sijaanza kulia kama chura.