Jini wa Mtihani na Dada wa Birika

Katika mji wa Zumaridi, uliozungushiwa kuta saba na bado habari zake zote zikavuja nje, alitawala Sultani Fadhili bin Mannani, mgane mwenye ndovu mia, na mabustani yasiyo idadi, na Chuo kimoja cha Talasimu alichokipenda kuliko ndovu wote. Humo walifundishwa wana wa mawaziri, na wana wa makadhi, na wana wa matajiri wa lulu, ilimu ya kuamrisha majini na kugeuza kitu kikawa kitu kingine. Nao walivaa majoho ya hariri ya kijani na kutembea polepole sana, maana mtu anayejua kuruka angani huona aibu kuonekana ana haraka. Kusema kweli hakuna hata mmoja aliyejua kuruka, lakini mwendo waliuweza.

Mkuu wa Chuo alikuwa Sheikh Dakhlani, mwenye ndevu za kufika kitovuni na sheria moja kali: mwanafunzi atakayeshindwa mtihani wa mwisho atageuzwa chombo cha chuo, na atabaki chombo hivyo hivyo mpaka mtu wa nyumba yake aje kufaulu mahali pake. Na kwa kuwa mtihani ulikuwa mgumu, chuo hakikuhitaji seremala. Kiti cha Sheikh kilikuwa mpwa wa Kadhi, na zulia la barazani lilikuwa mapacha wawili walioshonwa pamoja, na birika la kahawa lilikuwa kijana aitwaye Vuai, mwana wa mfinyanzi, aliyeingia chuoni kwa akili zake mwenyewe na kushindwa kwa mdomo wake mwenyewe, kwani alimtukana jini.

Vuai alikuwa na dada yake, Mize, mjane aliyekuwa akipika vitumbua mbele ya lango la chuo. Mama yao alipokufa Vuai alikuwa hajaota meno, na Mize ndiye aliyembeba, akamlea, akamfunza kula na kunawa. Aliposikia ndugu yake amekuwa birika, aliliacha karai lake motoni, akaingia chuoni na kudai kusomeshwa. Sheikh alikunja uso kama aliyeuma ndimu, lakini sheria ilikuwa yake mwenyewe, ikabidi ampe nafasi. Basi Mize akakaa nyuma kabisa, katika joho la kuazima lililomburura, akakariri talasimu mwaka mzima huku wenzake wakimuuliza kama leo kuna vya nazi.

Siku chache kabla ya mtihani alipita jikoni kumjulia hali ndugu yake.

"Hujambo, Vuai?"

"Sijambo kidogo, dada," likasema birika. "Nimeanza kuvuja. Hapa chini, kwenye kitako. Na jana Sheikh kasema mtihani ukiisha nipelekwe kwa mfua shaba nikayeyushwe, nifanywe vitasa vya milango."

Mize akakiziba kitako kwa kidole. "Hawatakuyeyusha. Nitafaulu."

"Na ukishindwa?"

"Nitageuzwa sinia. Angalau tutakaa jiko moja."

"Wewe utakaa jikoni, dada. Mimi nitakuwa mlangoni."

Mize akataka kucheka, akajikuta analia.

Sasa mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Kulikuwa na mtungi wa shaba, na ndani yake jini aitwaye Kamkamu bin Zilzala, mwenye umri wa miaka elfu. Na mtahiniwa alitakiwa amtoe, kisha, kabla jua la siku ya tatu halijachwa, amfanye ashike jembe na kulima tuta moja katika shamba la nyuma ya chuo. Jambo dogo, utasema. Lakini Kamkamu aliumbwa kwa moto, na udongo aliuchukia kuliko paka anavyochukia maji. Tena alikuwa amesimama katika mtihani huo miaka mia tatu, na talasimu zote alizijua kwa moyo, hata mwanafunzi akikwama yeye humkumbusha mstari unaofuata, kisha hukataa.

Mwaka ule watahiniwa walikuwa wawili tu, na wa kwanza alikuwa Ghalibu, mwana wa Waziri Mkuu, aliyekuja na pete katika vidole vyote kumi.

"Ewe Kamkamu!" akanguruma Ghalibu. "Kwa pete hizi, na kwa jina la babu yangu mtukufu, nakuamrisha ulime!"

Jini akapiga miayo. "Pete ya nne umeivaa mkono usio wake. Na babu yako namjua sana. Ndiye ile meza pale."

Ghalibu alipiga kelele siku tatu mfululizo, na jua la siku ya tatu lilipochwa akawa kinara cha taa, na kinara kizuri, tusimnyime haki yake.

Ikafika zamu ya Mize, na Sultani Fadhili mwenyewe akaja kutazama, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mpika vitumbua atapambana na jini, na ikulu siku hizo ilikuwa imepooza. Mtungi ukafunguliwa, moshi ukapanda hadi kwenye kuba, na ndani ya moshi akasimama Kamkamu, pembe zake zikikwaruza dari.

"NANI ANANISUMBUA?"

Mize alikuwa amekariri mistari arubaini. Yote ikamtoka, hata wa kwanza haukubaki. Lakini alikuwa amelelewa na mama ambaye mtoto akimpita mkubwa bila salamu, sikio la mtoto huyo lilikuwa halali yake. Akapiga goti, akasema:

"Shikamoo, babu."

Kamkamu alikuwa ameamrishwa, na kulaaniwa, na kufungwa kwa majina sabini, lakini shikamoo hakupata kupewa tangu aingie mtungini. Na shikamoo haiachwi ikining'inia hewani, awe mpokeaji ni mtu au ni moto.

"Ma... marahaba," akasema jini, kwa sauti ndogo kabisa.

"Karibu ukae. Pole na safari. Mtungi wenyewe mwembamba vile, mgongo hauumi?"

"Unauma," akakiri jini, na pembe zikashuka. "Unauma sana, hasa upande huu."

Mize akatandika mkeka, akamnawisha mikono, akawasha jiko. Sheikh Dakhlani akawa anatweta pembeni: "Talasimu, mwanamke! Soma talasimu!"

"Sheikh, mgeni anakula," akajibu Mize, bila kugeuka.

Siku ya kwanza Kamkamu alikula vitumbua mia mbili, na akasimulia ugomvi wake na shemeji zake wa Mlima Kafu, ugomvi wa miaka mia sita juu ya mbuzi mmoja. Siku ya pili akawa mwenyeji. Akaomba mto wa kuegemea, akasema mchuzi haukukolea ndimu, akakalia kiti cha Sheikh na kumtuma Sheikh kahawa. Na birika lilipopita karibu na Mize, likinyunyiza kahawa mkekani kwa kule kuvuja, likamnong'oneza:

"Dada, kesho ndiyo mwisho! Msomee!"

"Nimesahau, Vuai. Nimesahau yote, hata herufi moja sinayo."

Akaosha vyombo huku machozi yakidondokea majini. Aliona wazi kwamba amempoteza ndugu yake, na kwamba alichokifanya siku mbili zile ni kumpikia adui.

Asubuhi ya siku ya tatu alikuwa hoi, macho yamevimba, viganja vinanuka moshi. Kamkamu akaamka, akajinyoosha mpaka dari ikalia, akasema kwa furaha, "Mize, mwanangu, leo tunakula chapati au mkate wa ufuta?"

Na hapo uchovu ukafanya kilichoishinda elimu. Bila kufikiri, kama alivyomwona mama yake akiwafanyia wajomba waliokuja harusini wakakaa hadi harusi nyingine, Mize akanyoosha mkono ukutani, akachukua jembe, akamtia jini mkononi.

"Babu, leo siku ya tatu."

Jini akalitazama jembe. Akayatazama masufuria. Akaona haya, ikampanda shingoni, ikafika mpaka kwenye ncha za pembe.

"Wallahi ni kweli," akasema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hata ujinini tunaijua hiyo."

Akakunja kikoi, akatoka nje, akaukanyaga udongo kwa ncha za vidole huku akilalamika "Ah! Ah! Baridi!", akalima tuta moja. Kisha, akikumbuka vile vitumbua mia mbili, akalima shamba zima, na la jirani.

"Batili!" akapiga kelele Sheikh Dakhlani. "Hakusoma hata neno moja! Huu ni upishi, si ilimu ya talasimu!"

Sultani akainua mkono, akamwita jini atoe ushahidi. Kamkamu akaja, akaegemea jembe, jasho lake likifuka moshi, akasema:

"Ewe Sultani wa zama, Mola akudumishe. Nimefungwa kwa pete na kwa minyororo na kwa majina mazito, na kila kifungo nilikikata. Lakini mtu aliyenipa shikamoo na kuniuliza mgongo, nitamtazamaje usoni na mikono mitupu? Kuona haya, ewe Sultani, ndicho kifungo nisichokijulia dawa."

Sultani akacheka hadi kilemba kikalegea. "Amefaulu!" akasema.

Papo hapo birika likaanguka kwa kishindo, na pale lilipoanguka akaonekana Vuai ameketi sakafuni, ameloa kahawa, anajipapasa makalio. Mize akampiga kofi la bega kwa hofu yote ya mwaka mzima, kisha akamkumbatia, na wote wawili wakalia bila kuona haya mbele ya Sultani.

"Omba zawadi yoyote," akasema Sultani, ambaye naye alikuwa anafuta jicho.

Mize akaitazama meza, na kinara, na zulia. "Bwana wangu, sheria yasema mtu afunguliwe na mtu wa nyumba yake. Nimepika humu siku tatu. Penye jiko langu ni nyumbani kwangu. Basi na hawa wote ni watu wa nyumba yangu."

"Hukumu imepita!" akasema Sultani. Na Sheikh Dakhlani, aliyekuwa ameketi, akajikuta chini, maana mpwa wa Kadhi alikuwa ameinuka. Mapacha wakaachana na kuanza kugombana. Na babu yake Ghalibu akauliza nani anatawala siku hizi, na mbona mgongo wake una alama za vikombe.

Sultani akamposa Mize, naye akakubali kwa sharti apewe Chuo pia, akavipata vyote viwili, na utajiri usiosemeka. Sheikh Dakhlani alirudishwa darasa la kwanza, akaanza na maamkizi.

Na watu walipomuuliza Vuai anakumbuka nini cha maisha ya ubirika, alisema: "Wote walininyanyua kwa mkono mmoja. Dada yangu alininyanyua kwa mikono miwili, hata nilipokuwa mtupu." Mwenye kutaka kutumikiwa na majini, na aanzie hapo.