Mshika Bakuli Aliyeambiwa ni wa Motoni

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni hapa mkekani, na wewe uliyeegemea mlango ingia ndani, usituzibie upepo. Aliye na ubuyu mdomoni aumalize au autoe, maana kisa hiki hakitaki mtu anayetafuna. Haya, msalieni Mtume, kisha nyamazeni. Hata huyo paka mshikeni.

Inasimuliwa kwamba hapo kale, katika mji mmoja wa mitende huko nchi za jangwa, mji ukiitwa Wadi Shuraiki, aliishi mja mwema jina lake Mzee Ghailani, Mungu amrehemu. Hakuwa sheikh, wala hakuwa na wanafunzi wa kumbusu mkono. Kazi yake ilikuwa kushika bakuli.

Bakuli gani? Subirini. Huko mvua hupita mwaka haijaonekana, na watu wote walinywesha mashamba kwa chemchemi moja, maji yakija kwa mfereji, kila mwenye shamba na zamu yake. Ili mtu asijizidishie, walikuwa na bakuli la shaba lenye katundu chini, kadogo kama ncha ya sindano. Bakuli huwekwa lielee ndani ya beseni la maji. Maji huingia polepole kwa kale katundu, bakuli likashuka, likashuka, hata chubwi! likazama. Hapo imekwisha bakuli moja. Mwenye haki ya bakuli kumi hungoja lizame mara kumi, mwenye mbili mara mbili, na mshika bakuli ndiye anayepiga ukelele mfereji ugeuzwe. Saa za ukutani hazikuwapo. Mji mzima ulikuwa mkononi mwa Mzee Ghailani, naye kwa miaka thelathini hakumzidishia mtu wala hakumpunja mtu.

Ukaja mwaka wa kiangazi kikali, chemchemi ikanyong'onyea. Kila baada ya siku nane, jua likichomoza, ilikuwa zamu ya Bwana Mubaraki, tajiri mwenye mitende mia tatu, bakuli kumi na mbili. Baada yake alifuata Bi Thuwaiba, mjane mwenye watoto wawili, bakuli tatu tu. Ikiadhiniwa adhuhuri, maji huondoka yakaenda mtaa wa pili, aliyepata kapata, aliyekosa kakosa. Basi Mubaraki akichelewa kumaliza, wa kukosa ni Thuwaiba. Na Thuwaiba alikuwa na matuta manne ya vitunguu, ndiyo chakula cha nyumba yake cha mwaka mzima, navyo vilikwisha kuanza kukunja majani. Zamu moja tu ikimpita, matuta yale ni ya kufyekwa.

Mubaraki alikuwa na mgeni, mfasiri wa ndoto aitwaye Sharwani, mtu wa ndevu za hina na kilemba kikubwa, ambaye alikuwa ameila nyama ya mwenyeji wake siku arobaini bila kutaja safari. Siku moja Mubaraki akamwambia, "Yule mzee wa bakuli, unadhani anamhurumia Thuwaiba? Hata kidogo. Anaogopa Moto na anataka Pepo, basi. Mwondolee hayo mawili, uone kama hatalitia nta lile tundu bakuli langu likachelewa kuzama."

Sharwani akaangalia sahani, akaiona bado ina paja. Akasema, "Tuanze na Pepo."

Na ilikuwa desturi ya mji ule, mtu akiota ndoto huipeleka kwa mfasiri baada ya sala ya alfajiri, tena haraka, kabla haijapoa. Haukupita muda Mzee Ghailani akaja. Akasema, "Nimeota nakula boga, yaa sheikh. Halikuwa na chumvi."

Sharwani akasimama, akamkumbatia. "Boga ni Pepo! Na kukosa chumvi maana yake huna hesabu. Jina lako limeandikwa, ewe Ghailani, na hata ufanye nini, halifutwi tena!"

Mzee wa watu akalia kwa furaha. Akarudi nyumbani akachinja jogoo. Mkewe, Bi Shuwena, akauliza, "Huyo jogoo kafanya nini?"

"Nimepewa Pepo, Mama Raya!"

"Na mimi?"

"Wewe hukutajwa."

"Basi hilo paja nipe mimi," akasema Bi Shuwena, "maana wewe huko utakula mengine."

Siku ya zamu ilipofika, Mubaraki akaketi karibu na beseni, akasema kwa sauti laini, "Mzee wangu, hongera. Sasa huna la kuogopa. Bakuli likikawia kidogo, kuna ubaya gani?"

Mzee Ghailani akamtazama kwa mshangao. "Bwana Mubaraki, mtu kaalikwa karamuni bure, njiani aibe kuku wa jirani? Nitaingiaje na manyoya nguoni?" Na bakuli likazama kama lilivyozama miaka thelathini, na Thuwaiba akapata bakuli zake tatu, japo maji yenyewe yalikuwa membamba.

Mubaraki akarudi kwa Sharwani amevimba. "Pepo imeshindwa. Mpe Moto."

Basi mzee alipokuja na ndoto nyingine, kwamba punda alikuwa akitafuna kiatu chake, Sharwani akashika ndevu, akatikisa kichwa, akatoa machozi ambayo sijui aliyatoa wapi. "Ole wako, ndugu yangu. Kiatu kile ndicho ulichokuwa uingie nacho Peponi. Umefutwa. Umeandikwa Motoni, na hata ufanye mema kiasi gani, hutoki."

"Na boga?"

"Boga lilikuwa kabla ya punda."

Mzee Ghailani akafika nyumbani hana rangi. Akajitupa kitandani, akageukia ukuta. Bi Shuwena akasikiliza habari yote, kisha akauliza, "Punda wa nani huyo?"

"Hata simjui."

"Unahukumiwa na punda usiyemjua?"

"Mama Raya, usifanye mzaha. Mimi ni wa Motoni. Kuanzia leo sina sababu ya kuswali."

"Adhuhuri imeingia," akasema Bi Shuwena. "Hiyo ndiyo sababu. Inuka utawadhe."

Akainuka akaswali, maana alikuwa amezoea, na pia aliona vibaya kumnunia Mola wake kwa jambo ambalo Mola ndiye mwenye haki nalo. Lakini alipomaliza akasema, "Haidhuru. Kama kuungua nitaungua, basi angalau nijue dhambi ina ladha gani." Akatoka kwenda kuiba.

Jirani yake alikuwa na mtini uliotoa tawi juu ya ukuta. Mzee Ghailani akanyoosha mkono, akagusa tini moja iliyoiva, akasita. Akaenda mlangoni, akapiga hodi. Jirani akafungua.

"Nimekuja kukuibia tini," akasema mzee.

"Karibu," akasema jirani. "Chukua na za watoto."

Akarudi na tini kumi na aibu tele. Akamwambia mkewe, "Wizi umenishinda. Sijui watu huuanzia wapi. Sasa nataka kusengenya. Nitamsengenya Mubaraki." Akaketi, akafikiri, akakunja uso. "Mubaraki... Mubaraki ni... ana kikohozi."

"Ngoja, ngoja," akasema Bi Shuwena, akivuta mkeka karibu. "Hapo nikusaidie mimi."

Mwacheni acheke anayecheka, lakini nyoyo zao hazikuwa zikicheka. Mzee alikonda. Alikaa wiki nzima akijua kwamba hana la kutumaini huko mbele, na siku ya nane ikafika.

Siku hiyo maji yalikuja kidogo kama mkia wa mbuzi. Bi Thuwaiba alisimama kando ya mfereji na jembe lake tangu alfajiri, wanawe wakikaa karibu na yale matuta, na majani ya vitunguu yamelala chini kabisa. Watu wa mtaa wa pili nao walikuja mapema kungoja adhuhuri. Mubaraki akaketi ubavuni mwa mzee, Sharwani nyuma yake, akamtia mkononi donge la nta.

"Ipake pembeni mwa tundu tu," akanong'ona Mubaraki. "Hakuna atakayejua. Na wewe Mungu amekwisha kukuhukumu, huongezewi wala hupunguziwi. Unapoteza nini?"

Mzee Ghailani akaifumba ile nta. Akaliweka bakuli majini. Chubwi, moja. Chubwi, mbili. Mubaraki akawa anahesabu na huku anamkodolea macho. Tatu, nne, tano. Nta ikalainika kiganjani ikaanza kupenya vidoleni. Kila bakuli lilipozama, mzee alilichukua, akalitazama lile tundu, akaitazama ile nta, akalirudisha. Kumi. Kumi na moja. Bakuli la kumi na mbili likaelea, na mzee akaliangalia linavyoshuka kana kwamba linazama na roho yake, kisha akainua macho akaona vitunguu vya Thuwaiba.

Chubwi!

"Maji ya Bi Thuwaiba!" akapiga ukelele.

Mubaraki akaruka kama kaumwa na nge. Akasahau kunong'ona. "Ewe mzee mjinga! Ewe mtu wa Motoni! Pepo huipati, Moto huukimbii, sasa unamwogopa nani?"

Watu wote wakageuka. Mzee Ghailani akafungua kiganja, nta ikaonekana.

"Simwogopi mtu tena, Bwana Mubaraki," akasema. "Lakini Moto ni wangu mimi. Maji ni ya Thuwaiba."

 Bi Thuwaiba akasema, "Waungwana, mkimaliza kugawana Akhera nipisheni kwenye mlango wa mfereji, maji yanapita." Wakampisha. Akapiga jembe, maji yakageuka, yakaingia matutani, na wanawe wakaanza kuyakimbiza kwa mikono yasimwagike nje.

Hapo Sharwani akaanguka magotini. Kilemba kikabingirika mpaka kwenye beseni. Akasema, "Nisameheni! Nilimdanganya mja wa Mungu kwa sababu ya nyama. Wallahi, boga lilikuwa boga tu!"

Mzee Ghailani akamwinamia. "Na punda?"

"Punda naye alikuwa punda."

"Kwa hiyo siendi Motoni?"

"Sijui, mzee wangu."

"Naenda Peponi?"

"Wala hilo silijui. Hakuna anayejua ila Mwenyewe."

Mzee akainua mikono juu, machozi yakashuka ndevuni. "Alhamdulillahi!" akasema. "Alhamdulillahi, sijui! Nimerudi kuwa kama wenzangu!" Kisha akakumbuka kazi, akaketi haraka, akaliweka bakuli majini kwa zamu ya mjane. Maana huku wanalia na kuombana radhi, hakuna aliyekuwa akipima, na kwa kuogopa asije akamzidishia, akamhesabia tangu lile pigo la kwanza la jembe kwa kukadiria urefu wa kivuli, na watu wa mtaa wa pili wakashuhudia kwamba amekadiria sawa.

Wajukuu zangu, watu huuliza: pasingekuwa na Pepo wala Moto, nani angetenda wema? Mubaraki aliuliza hivyo kwa sababu alijitazama mwenyewe, akadhani kila mtu ndivyo alivyo ndani. Mimi nasema Mola kwa rehema zake ametuwekea Pepo tuitumaini na Moto tuuogope, kwa kuwa wengi wetu bila hivyo mikono yetu haitulii. Sijitoi. Ile nta ningepewa mimi, na nimeambiwa sina la kupoteza, sijui ningefanya nini, na namwomba asinijaribu kwa hilo. Lakini wako waja wake ambao wema umekwisha kuwa damu yao. Ukiwapa Pepo wanaona haya kudhulumu, na ukiwapa Moto bado wanauliza zamu ni ya nani. Hao hawamwabudu Mola kama mtu anayengoja ujira mlangoni, na nadhani ndio anaowapenda zaidi, ingawa na sisi tunaongoja mlangoni Mola hatufukuzi.

Walipokufa wote, kila mmoja kwa siku yake, mambo yakarithiwa hivi. Vitunguu na bakuli tatu za maji walirithi wana wa Bi Thuwaiba, wakapanda na vitunguu saumu. Kilemba cha Sharwani hakikurithiwa na mtu, maana alikiacha mfasiri mwenyewe pale pale akaenda kuuza mkaa, na mbuzi akakila. Mitende ya Mubaraki walirithi watoto wake kumi na wawili, wakagawana na maji, kila mmoja akabaki na bakuli moja tu. Wakawa wao sasa ndio wanaokuja alfajiri kumwamkia mshika bakuli kwa adabu zote, wakimwombea maisha marefu, asije akafa wakapata mwingine asiye mwaminifu. Mshika bakuli mwenyewe alikuwa Raya, binti wa Mzee Ghailani, aliyerithi kazi ya baba na ulimi wa mama.

Na Mzee Ghailani, huko alikokwenda, alirithi nini? Hilo hatukuambiwa. Sisi tuseme tu, Mungu amrehemu.