Mtungi Uliotumwa Kimya

Hapo zamani za kale, zamani lakini simu zilishakuwepo, kwa hiyo msinikatize kuniuliza zilitoka wapi, aliishi digidigi mmoja jina lake Mwanamvua. Alikuwa mdogo wa umbo, miguu kama njiti, lakini akili yake ilimtangulia hatua tatu. Nyumba yake ilikuwa Chumvini, nchi ya tambarare, vumbi asubuhi na vumbi jioni.

Hakuzaliwa huko. Alizaliwa juu milimani, penye chemchemi na ukungu. Ukame ulipokausha chemchemi, ukoo mzima ukatawanyika, kila mmoja na njia yake, na mama yake akafariki njiani kabla hawajafika popote.

Sasa huko Chumvini, wanangu, hakukosa kitu hata aombe kwa jirani. Alikuwa na nyumba, alikuwa na bustani ya matikiti, na watu walimsalimu vizuri. Ila maji aliyanywa kwenye dumu la plastiki, na kila akinywa aliukumbuka mtungi wa mama yake. Maji ya mtungi ule yalikuwa baridi na yalinukia udongo ulioguswa na mvua ya kwanza. Mama alikuwa akimchotea kwa kata, anamshikilia kidevu ili asijimwagie. Akifika hapo kukumbuka, Mwanamvua aliweka kikombe chini bila kumaliza.

Wakati huo wanyama waliuziana vitu kwenye simu, katika kundi waliloliita Soko la Wote. Muuzaji anaweka picha, mnunuzi analipa, kisha mzigo unapakiwa kwenye mkokoteni wa Punda, unapita kituo kwa kituo kutoka Mtoni mpaka Chumvini.

Kutuma kulikuwa kwa namna mbili. Kulikuwa na mzigo wa namba: unalipia zaidi, Hondohondo, karani wa mizigo, anauandika, na kila ukipita kituo yeye au ndugu zake wanatangaza kundini, kwo-kwo-kwo, mzigo namba fulani umepita mahali fulani. Na kulikuwa na mzigo wa kimya. Huo unatupwa tu nyuma ya mkokoteni, ukifika umefika.

Siku moja Kiboko, mfanyabiashara mkubwa wa kule Mtoni, mkubwa wa duka na mkubwa wa tumbo, akaweka picha ya mtungi wa udongo. Mwanamvua alipouona, kwato zikamganda pale alipo. Mdomoni mwa mtungi kulikuwa na pengo dogo, upande wa kushoto. Pengo hilo alilitia yeye mwenyewe utotoni, aliporusha jiwe kufukuza nyuki.

Akamuuliza Kiboko aliupata wapi. Kiboko akasema aliununua kwa wapita njia mwaka wa ukame, na kama anautaka alipe upesi, wateja ni wengi. Mwanamvua akalipa palepale, akalipia na namba.

Kesho yake Kiboko akamtumia picha: gunia limefungwa kwa kamba ya katani, jina la Mwanamvua limeandikwa juu yake kwa mkaa. Chini ya picha akaandika, "Tayari, dada. Mzigo uko njiani."

Mwanamvua akafagia pembe ya chumba, akasokota duara la majani makavu ili mtungi usiyumbe. Kisha akakaa na simu. Kwo-kwo-kwo, mzigo wa Nungunungu umepita Jiwe Jeupe. Kwo-kwo-kwo, mzigo wa Bi Kanga umepita Mikomani. Wake hautajwi. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Wiki hiyo mvua ilinyesha kule Bondeni, akajipa moyo kwamba labda matope ndiyo yanauchelewesha.

Mkokoteni ulipofika Chumvini akaupekua wote, gunia kwa gunia. Hamna. Punda akamwambia kwa upole kwamba mizigo ya kimya yeye haikumbuki, inashushwa na kupakiwa kila kituo, na asiye na namba hana wa kumuulizia. Hondohondo naye akafungua daftari lake, akatafuta mbele na nyuma. Hakuna mtungi ulioandikwa. Kiboko alipokea malipo ya namba akayatia mfukoni, akautuma mtungi kimya.

Mwanamvua akamwandikia Kiboko. Kiboko akasoma, hakujibu. Akamwandikia tena, akasoma tena. Siku ya tatu ndipo ikaja sauti nzito, ya mtu anayetafuna.

"Dada, picha nilikutumia, uliiona. Mzigo ukishatoka mikononi mwangu ni wako. Ukipotea, umepotea kwako. Usinisumbue."

Mwanamvua akauliza, je, na namba aliyoilipia? Kiboko akamrudishia alama ya kidole gumba, basi.

Alilia, sitawaficha. Hakulilia alicholipa. Mama yake alipotelea njiani, na sasa mtungi wa mama nao umepotelea njiani, na safari hii alikuwa karibu kabisa kuugusa. Alilikalia lile duara la majani, akalia mpaka kwikwi zikamchosha.

Halafu akafuta uso, akatoka nje, akayatazama matikiti yake.

Hakuna aliyekuwa hajui habari ya Kiboko na tikiti. Akiliona tu, mate yanamtoka kama bomba lililopasuka. Mwanamvua akachagua tikiti kubwa kuliko yote, akapasua jingine kando yake ili wekundu uonekane, akapiga picha, akaitupa kundini. Hata hajafuta kisu, Kiboko ameshalipa.

"Na ulitume kwa namba," Kiboko akaandika. "Mimi sitaki longolongo."

Mwanamvua akalipeleka tikiti kwa Hondohondo, likapewa namba arobaini na moja, likaandikwa daftarini wino ukakauka. Kisha akawanong'oneza Hondohondo na Punda jambo fulani. Wale wawili walikuwa wamechoka, maana kila kitu cha Kiboko kikipotea ni wao wanaoitwa wezi. Wakakubali kabla hajamaliza kusema.

Akamtumia Kiboko picha: gunia, kamba ya katani, jina kwa mkaa. "Tayari, kaka. Mzigo uko njiani."

Kiboko akanoa kisu. Akamkataza mkewe kupika siku hiyo, wasije wakashiba bure. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Hondohondo anatangaza mizigo ya kila mtu, ila tikiti halitaji. Siku ya tatu Kiboko akauliza. Mwanamvua akasoma, hakujibu. Akauliza tena, akasoma tena. Ndipo Mwanamvua akamtumia sauti, taratibu, neno kwa neno.

"Kaka, picha nilikutumia, uliiona. Mzigo ukishatoka mikononi mwangu ni wako. Ukipotea, umepotea kwako."

Buuuh! Maji ya mtoni yakaruka kingo zote mbili. Kiboko hakumjibu faragha. Hasira ilimpeleka moja kwa moja kundini, mbele ya soko zima, akabonyeza kitufe cha sauti akaunguruma.

"Sikilizeni nyote! Muuzaji ndiye mwenye mzigo mpaka umfikie mnunuzi mkononi! Amelipwa namba akatuma kimya? Basi auendee kwa miguu yake, kituo kwa kituo, mpaka aupate!"

Mwanamvua akauliza kwa sauti ndogo, ya heshima zote, kama sheria hiyo ni ya wauzaji wote au ni ya wauzaji wadogo tu.

"Ya wote," Kiboko akasema. "Hata ningekuwa mimi."

Hapo hapo simu zikalia. Kwo-kwo-kwo! Mzigo namba arobaini na moja, tikiti la Bwana Kiboko, uko mlangoni kwake. Na kweli, Punda alikuwa anagonga, ko, ko, ko. Tikiti halikuwa limepotea hata dakika moja. Hondohondo aliubana ulimi tu, kama alivyoombwa.

Kiboko hajalikata, picha nyingine ikaingia kundini: lile gunia la mtungi. Mwanamvua akamuuliza Hondohondo, mbele ya wote, mzigo huu ulipewa namba gani.

"Haukupewa," Hondohondo akajibu. "Daftari langu ni hili, njooni mlitazame."

Kijasho chembamba kikamtoka Kiboko. Kwenye kila simu, kutoka Mtoni mpaka Chumvini, wanyama walikuwa wanairudia sauti yake mwenyewe: auendee kwa miguu yake, kituo kwa kituo. Akataka kurudisha malipo, yote, na ziada juu yake.

"Sikununua malipo," Mwanamvua akamwambia. "Nilinunua mtungi."

Basi Kiboko akatoka majini mchana kweupe, jua la utosi, ngozi inamwaka. Na Hondohondo, sijui kwa utani au kwa kazi, akampa namba. Kwo-kwo-kwo, mzigo namba arobaini na mbili, Bwana Kiboko, umefika Jiwe Jeupe. Hana kitu. Wanyama walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Mwanamvua hakucheka. Alikuwa amekaa mlangoni, simu mapajani. Ujanja wake ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake, na kushinda alikuwa ameshinda, lakini kushinda hakukuwa mtungi. Huenda uliangukia korongoni. Huenda mtu aliuvunja akatengenezea vigae vya kukaangia. Kwo-kwo-kwo, Mikomani. Hana kitu. Akajaribu kuukumbuka uso wa mama yake, ukamjia nusu, pua na macho tu, mdomo haukuja. Hilo lilimtisha kuliko yote.

Baada ya Mikomani ni Bondeni, na baada ya Bondeni ni kwake. Jua likazama, likachomoza tena. Simu kimya. Jirani yake Nungunungu akaja na sahani ya chakula, akaiweka kando yake akaondoka.

Alasiri, kwo-kwo-kwo.

"Bwana Kiboko ametoka Bondeni. Amebeba mtungi."

Mwanamvua akasimama, akaitazama njia ya Bondeni.

Ulikuwa nyuma ya kituo cha Bondeni wakati wote huo, kwenye lundo la magunia yasiyo na mwenyewe. Mvua ilikuwa imeosha mkaa, jina limefutika, na kwa kuwa namba haikuwepo, hakuna aliyejua ni wa nani. Kiboko alifungua magunia hayo moja moja, kwa kwato zile nene, mpaka akaufikia.

Akaja nao akitembea kwa uangalifu, yeye ambaye akipita kawaida hata mawe yanalia. Akautua mlangoni pole pole. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu.

"Nisamehe, dada," akasema. "Nilidhani ni mtungi tu."

Mwanamvua akaupokea mtungi. Aliuosha ndani na nje, akaujaza maji, akauweka juu ya duara la majani, akaungoja upoe. Kiboko naye akangoja, hana nguvu za kurudi. Maji yalipokuwa tayari Mwanamvua alimchotea yeye kwanza, maana mgeni ni mgeni hata akiwa huyu. Kisha akachota yake.

Yalikuwa baridi. Yalinukia udongo ulioguswa na mvua. Yalikuwa yaleyale kabisa, hayakupungua kitu, na Mwanamvua akageuka haraka, furaha imemjaa kifuani, amwambie mama yake.

Akamkuta Kiboko ameinamisha kichwa. Kata ikabaki mkononi mwa Mwanamvua. Akauegemea mtungi, shavu kwenye udongo.

Mimi naishia hapo, mbele ya hapo ni kwake mwenyewe. Nanyi mkikua mkawa wauzaji, mzigo ni dhamana yenu mpaka umfikie mnunuzi mkononi, kwa kuwa hamjui mnachokiita kitu tu ni nini kwa anayekingoja.